Dhahabu Haipigi Simu

Wacha nianze na msimamo wangu ndio tusipotezeane wakati. Mashine za kuona vitu vilivyofichwa zipo, ni za kweli, na zinafanya kazi ambayo babu zetu wangeiita uchawi. Lakini ile inayouzwa mtandaoni sahii, yenye antena mbili kama za redio ya zamani, ambayo ati inaona dhahabu iliyo kilomita moja kutoka ulipo na mita 30 chini ya udongo, hiyo si mashine. Ni wizi uliotiwa mpini.

Najua wengi wenu mmeiona. Inatangazwa na watu wenye wafuasi wengi kuniliko. Jamaa anatembea shambani na kofia ya jua, antena zinageuka zenyewe, kamera inasogea karibu, wanachimba kidogo, halafu, ajabu, kuna kitu kinang'aa. Muziki unapanda. Namba ya simu inatokea chini ya vidio.

Mimi hiyo vidio ilinifikia kwa njia mbili ndani ya wiki moja. Kwanza ilikuja kupitia Anko wangu, ndugu ya mama, anayeishi Ikolomani, Kaunti ya Kakamega. Huko dhahabu si hadithi ya kulalia. Wazungu waliikimbilia Kakamega mapema miaka ya 1930, na mgodi wa Rosterman ulichimbwa hadi miaka ya 1950. Hadi leo watu wanaingia kwenye mashimo na jembe, kamba na tochi. Kwa hivyo ukimwambia mtu wa Ikolomani kuna dhahabu chini ya shamba lake, humwambii jambo la ajabu. Unamwambia jambo analoliwaza kila akilala.

Anko alinipigia simu. Bado huniita Injinia, ingawa chuo niliacha mwaka wa pili karo ilipokatika, na kila mtu nyumbani anajua hivyo. "Injinia," akasema, "hii kitu inafanya kazi?" Bei ilikuwa shilingi 185,000. Mpango wake ulikuwa kuuza ng'ombe wawili na kukodisha kipande cha shamba kwa misimu miwili. Hakuwa anatania. Mnunuzi wa ng'ombe alikuwa ashakuja kuwaangalia.

Njia ya pili ilikuwa ujumbe kwenye inboksi yangu. Muuzaji wa mashine za aina hiyo hiyo alitaka nimtengenezee vidio ya sekunde 60. Malipo, shilingi 40,000. Kodi ya nyumba yangu ni 9,500, kwa hivyo hiyo ni miezi minne ya kulala bila kumwogopa keateka. Nilikataa. Sisemi ndio mnipigie makofi, nasema ndio mjue bei ya uongo huu inavyopangwa: kuna pesa ya anayetangaza, kuna pesa ya anayeuza, na yote inatoka kwa ng'ombe wa mtu.

Lakini kumwambia Anko "hiyo ni feki" na kukata simu si jibu. Mtu anayetaka kuuza ng'ombe wawili anastahili sababu. Kwa hivyo nilimweleza vile naelewa, na leo nawaeleza nyinyi. Nilikuwa nasomea uhandisi wa umeme, na kitu kimoja nilichotoka nacho chuoni ni daftari la somo la mawimbi. Bado nalisoma. Hesabu haikuulizi cheti.

Tuanze na jambo rahisi. Kitu kilichofichwa au kilicho mbali hujulikana kwa njia mbili tu. Ama chenyewe kinakupigia simu, ama wewe unakipigia na kinajibu. Hakuna njia ya tatu.

Mfano wa kitu kinachopiga simu ni chombo cha anga kinachoitwa Voyager 1. Kilirushwa mwaka 1977, na sasa kiko zaidi ya kilomita bilioni 24 kutoka hapa. Mawimbi yake ya redio yanasafiri kwa kasi ya mwanga na bado yanachukua zaidi ya saa 22 kutufikia. Kinatuma kwa nguvu ya takriban wati 23, yaani kama balbu moja ya kawaida. Fikiria balbu, bilioni 24, na sisi bado tunaisikia. Tunaisikia kwa sababu tuna madishi yenye upana wa mita 70 huko California, Uhispania na Australia, tunajua yaelekezwe wapi, na tunajua chombo kinatuma kwa masafa gani na kwa mpangilio gani. Tunatega sikio mahali pamoja, kwa sauti moja.

Hapo ndipo muuzaji anakurukia: "Si unaona? Kama wanasikia kitu bilioni 24, kwani dhahabu ya kilomita moja ni nini?"

Jibu ni kwamba Voyager inapiga simu. Dhahabu haipigi simu. Weka pete ya dhahabu mezani usiku kucha, hutasikia inatangaza jina lake. Hao wauzaji wanapenda kusema kila madini yana "masafa yake" na mashine imewekewa masafa ya dhahabu. Maneno hayo yameibwa kutoka sayansi ya kweli. Ile mashine ya MRI hospitalini kweli hucheza na masafa ya chembe ndogo za mwili. Lakini angalia ukubwa wake. Ni sumaku kubwa ya kujaza chumba, na mgonjwa anaingizwa ndani yake kabisa. Hakuna daktari anayesimama kwa lango la hospitali na antena mkononi akisoma ubongo wa mtu aliye ghorofa ya tano.

Kwa hivyo tunabaki na njia ya pili: wewe upige simu, dhahabu ijibu. Hivyo ndivyo rada inavyofanya kazi, na popo pia, na kile kifaa cha mlinzi cha kukagua watu mlangoni. Unatuma kitu, kinagonga kitu, kinarudi. Tarehe 10 Januari 1946, wahandisi wa jeshi la Marekani huko New Jersey walituma mawimbi ya rada hadi mwezini, na baada ya takriban sekunde mbili na nusu mwangwi ukarudi. Mwezi haupigi simu, lakini ulijibu. Tena ulijibu kwa sababu ni mkubwa ajabu, upana wake ni karibu kilomita 3,500, na katikati hapakuwa na udongo. Palikuwa na anga tupu.

Sasa tufike kwa hesabu inayoua biashara ya hawa jamaa. Mwangwi hufifia, na haufifii pole pole. Kwa rada, ukiongeza umbali mara mbili, mwangwi unaporudi una nguvu mara 16 chini. Mara mbili kwenda, mara mbili kurudi, na kila safari mawimbi yanatawanyika pande zote kama moshi.

Kwa kifaa cha kutambua metali, mambo ni mabaya zaidi. Hicho kinatumia koili ya waya. Umeme unaobadilika-badilika ndani ya koili unatengeneza nguvu ya sumaku. Nguvu hiyo ikigusa metali iliyo chini, inaamsha umeme mdogo ndani ya hiyo metali, na huo umeme nao unarudisha sumaku yake ndogo. Koili inasikia hilo jibu. Ni kifaa cha kweli, kinafanya kazi, na watu hupata sarafu na vipande vya dhahabu nacho kila siku duniani. Lakini ukiongeza umbali mara mbili, jibu linapungua takriban mara 64.

Fanya hesabu nami. Tuseme kifaa kizuri kinaona pete ikiwa nusu mita chini. Kilomita moja ni mara 2,000 ya nusu mita. Kwa kanuni hiyo hiyo ya koili, jibu litakuwa dhaifu mara 2,000 zikizidishwa kwa zenyewe mara sita. Hiyo ni 64 ikifuatwa na sufuri 18. Hakuna betri ya kulipa hilo deni. Hata ukiunganisha Olkaria yote kwa hicho kijiti, bado hutatoboa.

Nilipomwambia Anko hayo, alinyamaza, halafu akauliza swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa kwenye ukurasa huu: "Lakini si kompyuta siku hizi zinaweza kutoa kitu kidogo kabisa kwa kelele?"

Zinaweza, na hapo ndipo utamu wenyewe ulipo. Ndiyo kazi inayoitwa uchakataji wa mawimbi, na nadhani ni moja ya kazi nzuri zaidi ambazo binadamu amebuni.

Shida kubwa ya kutafuta kilichofichwa si kwamba hakuna jibu. Mara nyingi jibu liko, lakini limezama ndani ya kelele. Joto la waya ni kelele. Mvua ni kelele. Udongo mwekundu wenye chuma ni kelele kwa kifaa cha metali, kwa sababu nao unajibu. Mwaka 1881 Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi, na Alexander Graham Bell, huyo huyo wa simu, akaja na kifaa chake cha koili kuitafuta risasi mwilini. Kifaa kilikuwa kizuri kwa majaribio. Lakini inasimuliwa kwamba kitanda kilikuwa na springi za chuma zilizochanganya sauti, na daktari mkuu aliruhusu utafutaji upande wa kulia tu, alikoamini risasi iko. Risasi ilikuwa kushoto. Rais akafa Septemba mwaka huo. Kwa hivyo hata chombo cha kweli mikononi mwa mtu mwerevu kinaweza kushindwa na kelele, na kinaweza kushindwa na mtu aliyeshaamua jibu kabla ya kutafuta.

Tangu hapo tumejifunza mbinu za kupambana na kelele. Tatu ndizo ninazozipenda.

Ya kwanza ni kugawanya. Joseph Fourier, Mfaransa, alionyesha kwenye kitabu chake cha mwaka 1822 kuhusu joto kwamba mchoro uliochangamana unaweza kugawanywa kuwa jumla ya mawimbi mepesi. Ni kama mama wa Mombasa anayeonja pilau na kukutajia kila kiungo: bizari, iliki, mdalasini, karafuu. Wewe unaonja pilau tu. Yeye anasikia kila kiungo peke yake. Kompyuta ikigawanya kelele hivyo, inaweza kutupa viungo visivyohitajika na kubakisha kile kimoja.

Ya pili ni kujua umbo la unachotafuta. Simama pale Machakos Country Bus saa kumi na mbili jioni. Makanga hamsini wanapiga kelele pamoja, honi zinalia, mtu anahubiri na spika. Husikii neno hata moja. Lakini mtu akiita jina lako nyuma huko, shingo inageuka. Jina lako halikuwa na sauti kubwa kuliko kelele. Ubongo wako ulikuwa na umbo lake tayari. Rada hufanya hivyo hivyo. Inatuma mlio wenye umbo maalum, kisha inapitisha kila kinachorudi kwenye umbo hilo na kuuliza: hapa panafanana? Na hapa? Panapofanana, jibu linaruka juu hata kama lilikuwa limefunikwa.

Ya tatu ni kurudia. Kelele haina msimamo, mara iko juu, mara chini. Jibu la kweli linarudi pale pale kila ukiuliza. Ukisikiliza mara 100 na kujumlisha, picha inakuwa safi mara kumi. Ukitaka iwe safi mara mia, sikiliza mara 10,000. Maana yake ni kwamba usafi unalipiwa kwa muda. Hakuna njia ya mkato.

Sasa angalia, mbinu zote hizo zina sharti moja. Lazima kitu kirudi. Kompyuta inaweza kuokota shilingi iliyoanguka kwenye pipa la takataka. Haiwezi kuokota shilingi ambayo haikuwahi kuwa ndani ya pipa. Na kile kijiti cha antena hakina koili, hakina kinachotuma, hakina kinachopokea, hakina hata mahali pa kuandika namba. Kinachogeuza antena ni mkono wako mwenyewe. Hilo nalo lina jina. Mwaka 1852 daktari Mwingereza William Carpenter alieleza jinsi misuli inavyoweza kufanya mwendo mdogo kwa kufuata wazo, bila mwenyewe kujua. Ukishika kitu kilicholegea na ukitamani kigeuke kulia, kitageuka kulia. Kwa hivyo si kila anayekishika anadanganya. Wengine wanaamini kabisa.

Kama unadhani ni watu wa mashambani tu wanaouziwa hizi vitu, ngoja. Mwingereza mmoja, James McCormick, aliuzia serikali ya Iraq vijiti vya aina hii akiviita ADE 651, ati vinatambua mabomu kwa mbali. Havikuwa na betri. Vilikuwa na kadi za kuchomeka, na wataalamu wa kompyuta wa Cambridge walipofungua moja kwa ajili ya BBC, walikuta kile kibandiko cha kuzuia wizi ambacho supamaketi huweka kwenye bidhaa. Iraq ilitumia zaidi ya dola milioni 85 kuvinunua. Askari wa Baghdad walisimama barabarani na antena mkononi, wakipitisha magari, na mabomu yakaendelea kulipuka. Mwaka 2013 mahakama ya London ilimfunga McCormick miaka 10. Wazo lake lilikuwa limetoka kwa kifaa cha kuchezea cha kutafuta mipira ya gofu iliyopotea, ambacho hakikufika hata dola 20.

Serikali nzima, na majenerali wake. Kwa hivyo usimcheke mzee wa Ikolomani.

Na kama unataka kuona utafutaji wa kweli unavyofanana, hauhitaji kwenda Iraq. Kumbuka Likoni. Tarehe 29 Septemba 2019, gari lilirudi nyuma na kutumbukia kutoka kwenye feri, ndani wakiwa mama na binti yake mdogo. Nchi nzima ilisimama kandokando ya ule mlango wa bahari. Watu waliuliza kwa hasira, na mimi pia niliuliza: gari zima, tunajua lilipoangukia, inakuwaje halionekani?

Leo najua kwa nini ni ngumu. Maji ya chumvi yanameza mawimbi ya redio. GPS haifanyi kazi huko chini, rada haifanyi, simu haifanyi. Kinachosafiri vizuri ni sauti, kwa kasi ya karibu mita 1,500 kwa sekunde. Ndiyo maana watafutaji wa chini ya bahari hutumia sona: unatuma mlio chini, unasikiliza mwangwi, unachora sakafu ya bahari mstari kwa mstari. Gari lile lilipatikana likiwa takriban mita 58 chini. Mwangwi kutoka kina hicho unarudi chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Lakini unarudi pamoja na mwangwi wa mawe, vyuma vikuukuu na kila takataka iliyowahi kuangushwa hapo. Kwenye picha, vyote ni vivuli. Kila kivuli kinachoonekana kama gari lazima mtu au kamera ishuke kuhakikisha, kwenye mkondo mkali, mahali ambapo jicho halioni mbali. Wazamiaji waliletwa hadi kutoka nje ya nchi. Gari lilitolewa tarehe 11 Oktoba.

Nataka uweke hizo picha mbili kando kwa kando. Upande mmoja, watu wenye vifaa vya bei kubwa, wanaojua kazi yao, wanatafuta kitu chenye uzito wa zaidi ya tani moja, na kila jioni wanalazimika kuiambia familia "bado". Upande wa pili, jamaa na kijiti anayekuambia atapata punje ya dhahabu kwa dakika tano. Anayeona kweli ana mipaka na anakutajia. Mwizi hana mipaka. Hiyo ndiyo tofauti kubwa, na ukiishika hiyo peke yake inatosha.

Turudi Ikolomani. Wakala wa hiyo mashine alikubali kuja kufanya maonyesho nyumbani kwa Anko. Nilimwambia Anko asibishane naye, amheshimu, ampe chai, halafu amwombe mchezo mmoja. Madebe kumi yafunikwe chini, yawe na nafasi kati yao. Pete ya Anti iwekwe chini ya debe moja. Kwanza wakala aone pete inapowekwa, na atumie mashine mara tatu, ndio sote tukubaliane leo mashine iko sawa, hewa iko sawa, udongo uko sawa. Baadaye kila mtu aende nyuma ya nyumba, mtu mmoja afiche pete, kisha naye aondoke asionekane uso. Wakala aje atafute. Warudie mara kumi.

Nilikuwa kwenye simu muda wote, bando langu likiisha. Alipoona pete ikiwekwa, mashine ilipata tatu kwa tatu. Alipokuwa haoni, ilipata moja kwa kumi. Moja kwa kumi ndiyo kuku wa Anti angepata akidonoa debe ovyo.

Wakala akasema pete ni dhahabu iliyoyeyushwa na sonara, kwa hivyo masafa yake yamekufa. Anti, ambaye hajawahi kuingia darasa la fizikia, akamuuliza, "Na zile tatu za kwanza, masafa yalikuwa hai?" Jamaa akakunja antena, akasema kuna mtu mwenye shaka hapo anaharibu mawimbi.

Ng'ombe hawakuuzwa. Ningependa kuwaambia Anko alinishukuru, lakini haikuwa hivyo. Alikaa wiki mbili bila kunipigia. Alipopiga aliniambia maneno ambayo sijayasahau: "Umenionyesha mahali haipo. Sasa nionyeshe mahali ipo."

Na ukweli ni kwamba siwezi. Hata kifaa halali cha koili hakingemsaidia sana, kwa sababu dhahabu nyingi ya maeneo hayo ni chembe laini zilizofungwa ndani ya mawe ya kwatzi, si mabonge. Koili haioni vumbi ndani ya jiwe. Njia inayoeleweka ni ya polepole: kuchukua sampuli za mawe kutoka sehemu tofauti, kuziandika zimetoka wapi, na kuzipeleka maabara zipimwe. Inaweza kutoa jibu kwamba hakuna kitu. Nilimwambia hivyo. Ni jibu baya kuuza, na ndiyo maana halina vidio yenye muziki.

Kwa hivyo hawa wauzaji hawauzi mashine. Wanauza tumaini kwa watu ambao wanajua kabisa kuna utajiri chini ya miguu yao na hawana njia ya kuufikia. Hiyo njaa ni ya kweli. Ndiyo maana naona anayeitumia ni mbaya kuliko mwizi wa kawaida. Mwizi wa simu anachukua simu. Huyu anakufanya uuze ng'ombe mwenyewe, umshukuru, halafu ujilaumu kwamba hukushika antena vizuri.

Kwenu creators wenzangu: nyinyi mnajua. Mkiona kitu kinapata dhahabu kilomita moja, na mwenye nacho badala ya kwenda kuichimba anawalipa 40,000 mkitangaze, mnajua. Msijifiche nyuma ya "fanya utafiti wako mwenyewe." Yule anayewaangalia amewafanya nyinyi kuwa utafiti wake.

Na wewe unayesoma, kabla mtu hajakuuzia chochote kinachoona kilichofichwa, iwe dhahabu, maji ya kisima, bomu au ugonjwa mwilini, muulize maswali manne.

1. Kinatuma nini, au kinapokea nini? Sauti, redio, sumaku, mwanga? Kama jibu ni "nguvu" au "masafa" bila maelezo, simama hapo.

2. Mwisho wake ni wapi? Kina gani, umbali gani, udongo gani kinashindwa? Kama hakishindwi popote, ni uongo.

3. Kinaandika namba? Chombo cha kweli kinatoa kipimo ambacho mtu mwingine anaweza kukisoma. Mkono kutetemeka si kipimo.

4. Kitakubali madebe kumi? Hili ndilo kubwa. Usikubali maonyesho ambayo muuzaji anajua jibu. Madebe hayana gharama, na jibu unalipata kabla ya chai kupoa.

Akikasirika ukimuuliza, umeshajibiwa. Tuma hii kwa mzazi, anko au anti yeyote aliye na shamba na ndoto, na kama una video ya mashine ambayo huna uhakika nayo, nitumie tuichambue pamoja.